Siku Tuliyobadilishana Vyumba

Mimi na dada yangu tulikaa tumbo moja kwa miezi tisa, na nina hakika yeye alikuwa akiongea muda wote. Alinitangulia kutoka, na tangu siku hiyo anadai heshima ya mkubwa. Mtaa mzima unamwita Kengele. Mimi naitwa Pamba, kwa sababu wanasema nikiingia mahali ni kama kila mtu ametiwa pamba masikioni, sauti zinashuka zenyewe. Jina hilo sikulichagua wala silipendi, ila nimelizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Tunafanya kazi ukuta kwa ukuta. Upande mmoja ni karakana ya saa, ambako Baba na mimi tunainama mezani tangu asubuhi, kila mmoja na kioo chake cha kukuzia jichoni. Upande wa pili ni saluni ya Kengele. Katikati kuna ukuta wa mbao ambao Baba aliupigilia mwenyewe akidhani utazuia kelele. Haukuzuia kitu. Kila kicheko cha saluni kinapita kwenye zile mbao kama maji kwenye chujio, nasi upande huu tunaendelea kubana viskurubu kwa vibano, bila neno. Baba maneno yake ya siku ni machache kiasi kwamba ukiyakosa inabidi usubiri kesho.

Sasa nije kwa Fundi Miwani. Ana duka la miwani ng'ambo ya barabara, na alikuwa ameniposa. Shangazi yake ndiye aliyeleta ujumbe, na Jumamosi alasiri shangazi huyo na mjomba mtu wangekuja nyumbani kuchukua jibu. Nilimpenda. Nasema mapema ili asiwepo mtu wa kuhangaika kunichunguza. Nilipenda vidole vyake, nilipenda jinsi anavyoipulizia lenzi pumzi kabla ya kuifuta, nilipenda hata ile tabia yake ya kukaa kwenye stuli ya wateja akinitazama nikifanya kazi, hana haraka, hana la kusema.

Na shida ilikuwa hapohapo, kwamba kwangu hana la kusema. Akitoka kwangu hupitia kwa Kengele kumsalimia, na kabla mlango haujafungika namsikia anacheka. Kicheko chake huanza na kikohozi kidogo, kisha kinapanda, kisha kinaporomoka chote kwa pamoja mpaka saa za ukutani upande wetu zinatikisika kwenye misumari. Sikuwahi kuiona sura inayokwenda na kicheko kile. Wivu wa mapenzi haukuwepo. Kengele ana mume wake, dereva wa lori la safari ndefu, na watu husema anaendesha mbali ili kupumzisha masikio. Hofu yangu ilikuwa nyingine: niliogopa kuolewa na mtu halafu kicheko chake kibaki kwa jirani.

Siku moja kabla ya wageni, tukiwa jikoni tunamenya viazi, nilimwambia Kengele kwamba kosa ni la chumba. Chumba chake kina dirisha pana, kina vioo, kina redio, nani asingechangamka? Changu kina saa arobaini zinazogonga tik tik tik kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kengele akaniambia mawazo yake ni hayohayo, ila kwa kinyume. Alisema amekuwa akinionea wivu miaka yote, kwamba angepewa chumba chenye utulivu kama changu naye angekuwa mtu mwenye hekima, badala ya kupiga domo kutwa mpaka koo linakauka. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa akitania.

Mama alikuwa amesimama kwenye jiko akikoroga sufuria. Mama kabla ya kustaafu alikuwa opereta wa simu, kazi ya kuwaunganisha watu kisha wewe ukanyamaza, kwa hiyo kila jambo huwa amelisikia na huchangia pale tu anapoona limezidi. Alisema vyumba tuviache, havijakosa lolote. Ni damu. Kengele kamchukua bibi yetu, mama yake Mama, ambaye ungemfungia stoo peke yake, jioni ungekuta watu wanacheza humo ndani. Mimi nimemchukua Baba, mzima mzima. Baba alikuwa mezani, akaitikia kwa kichwa.

Sikukubali. Tukapatana, mimi na Kengele, kwamba Jumamosi asubuhi tubadilishane vyumba hadi wageni watakapofika. Kazi haikuwa tatizo. Kubadilisha betri na mikanda ya saa anakujua, na mimi kuosha nywele, kuzipaka dawa na kuzifunga rola nimefundishwa na mwanamke yuleyule aliyemfundisha yeye. Kama ni chumba, nilisema, nitamwomba Baba tuweke redio na vioo, na Fundi Miwani nitamkubali. Kama ni mimi, nitamkataa. Siwezi kumzika mtu mzima ndani ya kimya changu.

Kengele akaacha kumenya. "Utamkataa mtu unayempenda kwa sababu ya jambo dogo kama kiazi hiki?" akasema, akaninyooshea kiazi. Lakini akakubali, kwa kuwa mchezo wowote ukiitishwa yeye yumo.

Jumamosi nilifungua saluni mapema. Nilifungua dirisha hadi mwisho, nikawasha redio, nikapanga viti mviringo kama apangavyo yeye. Vichekesho nilikuwa nimejiandalia, nimevifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona mchangamfu, na moyo ulikuwa ukinidunda kwa furaha, kwa sababu mtaa ulikuwa unapita mbele ya dirisha na ulikuwa wangu.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la vitambaa, mama mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu. Alianza kuongea akiwa bado barabarani. Alipovuka kizingiti na kuniona mimi badala ya Kengele, ile sauti ikapungua kama jiko la gesi linapozungushwa. Akaketi. Nikamwambia leo tunacheka tu hapa, mama, jisikie nyumbani. Akasema sawa, kwa upole, kisha akaniomba, kama haitanikera, nipunguze ile redio kidogo.

Nikapunguza. Akaja mwalimu wa baiolojia wa sekondari, kisha akaja mwuza mayai, na kila mmoja aliingia na kelele zake akaziacha mlangoni pamoja na mwavuli. Redio ilipunguzwa tena, kisha mtu akaizima, na hakuna aliyeuliza ni nani. Mwalimu alilala chini ya draya akikoroma polepole. Na mwenye duka la vitambaa, nikiwa namwosha kichwa, akaniambia kwa kunong'ona kwamba tangu mumewe afariki anatamani kunyoa nywele zote, zibaki fupi kabisa, ila kila akija hapa wanacheka sana na anaondoka amesukwa. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema hajawahi kuwa na uhakika wa jambo kama hilo. Nikamnyoa. Alijitazama kwenye kioo, akalia kidogo, akatabasamu, akanishika mkono wangu wenye povu na hakuuachia kwa muda.

Lilikuwa jambo zuri, sikatai. Lakini halikuwa nililolifuata, na nilipoinua kichwa nikasikia kinachoendelea ng'ambo ya ukuta.

Viti vilikuwa vinaburuzwa. Karakana ya saa ina stuli moja tu, kwa hiyo niliogopa kuuliza hivyo viti vimetoka wapi. Mtu alikuwa akiimba. Mwingine alikuwa akibishana na Kengele kuhusu mpira, na wengine wawili walikuwa wakimsaidia kubishana. Halafu wote wakanyamaza ghafla, na nikasikia sauti nyingine, ya taratibu, kavu, inayojua inakokwenda. Ilinichukua muda kuitambua. Alikuwa Baba. Baba alikuwa anasimulia.

"Mteja mmoja alikuja amekasirika," Baba alikuwa akisema. "Anadai tangu niitengeneze saa yake anachelewa kazini kila siku. Nikaipima, iko sawa. Nikamwambia, ndugu yangu, zamani saa yako ilikuwa inakimbia. Ulikuwa unawahi kwa sababu ya ugonjwa wa saa. Akafikiri, akafikiri, akaniambia: basi fundi, nirudishie ugonjwa wangu."

Karakana nzima ilipasuka. Ukuta ulitetemeka, chanuo likaanguka kutoka kwenye rafu. Nami nilisimama katikati ya saluni na taulo mkononi, nikiwa na hasira ambazo sikuwahi kuzijua. Nimekaa na mtu huyu kiwiko kwa kiwiko tangu nimalize shule. Tumekunywa chai birika moja. Yeye na Kengele wamekaa chumba kimoja asubuhi moja tu, na ameshamtolea kichekesho ambacho huenda alikuwa nacho mfukoni miaka yote. Nilijifuta uso kwa lile taulo, na lilikuwa na dawa ya nywele, kwa hiyo nikalia mara mbili.

Mwalimu alikuwa ameamka. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mimi na Kengele tumelelewa nyumba moja. Nikamwambia nyumba moja, chumba kimoja, sahani moja.

"Hapana," akasema. "Wewe umelelewa na baba mkimya. Dada yako amelelewa na baba mcheshi. Ni mtu yuleyule, lakini kila mtoto humvuta mzazi upande wake."

Akaeleza, bado kwa kunong'ona, kwamba watu hudhani vinasaba kazi yake ni rangi ya macho na urefu wa pua tu, kisha vinakaa ndani vimetulia. Alisema havitulii. Vinatoka nje, vinapanga viti, vinawasha redio na kuizima, vinaamua nani aje kukaa karibu na wewe na aongee kwa sauti gani. Halafu mtu anatazama vile viti na kusema, aa, mimi niko hivi kwa sababu ya chumba hiki. Nilitazama viti vyangu. Nilikuwa nimevipanga mviringo asubuhi, na sasa vilikuwa vimesogezwa viwili viwili, pembeni, kama vya watu wanaotaka kuambizana siri. Mwalimu alirudi chini ya draya akafumba macho.

Basi ilikuwa imethibitika. Chumba hakikuwa na kosa. Nyani haoni kundule, na mimi nililiona langu siku hiyo mbele ya vioo vinne. Niliamua palepale kwamba wageni wakija nitawaambia hapana, na nikaanza kukunja taulo kwa nguvu zaidi ya zinazohitajika.

Nilikuwa nakunja la mwisho niliposikia kikohozi kidogo upande wa pili, kisha kicheko kikapanda, kisha kikaporomoka. Fundi Miwani alikuwa amefika karakana. Nilimsikia, katikati ya kucheka, akiuliza niko wapi. Muda si muda akaingia saluni, akasimama, na uso ukatulia kama kawaida. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, cha chini ya draya ya pili, karibu na mwalimu. Akaketi hapo, draya juu ya kichwa kama kofia ya mfalme, mikono magotini, akanitazama.

"Nitakukataa leo," nikamwambia.

Wanawake wote waliokuwemo wakashika magazeti. La mwuza mayai lilikuwa limepinduliwa juu chini.

Akaniuliza amekosa nini. Nikamwambia yote, kicheko, ukuta, na kwamba kwa dada yangu yeye ni mtu mzima aliyekamilika na kwangu ni nusu. Nikamwambia nimejaribu kubadilisha hata chumba na haikusaidia, kwa sababu asili ya kile kimya ni mimi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo nalo liliniudhi.

"Mashavu yananiuma," akasema.

Sikuelewa.

"Kwa Kengele hakuna asiyecheka. Hata nikiwa na msiba nitacheka, dada yako hataniachia nafasi ya kufanya kingine. Nampenda shemeji, lakini nikitoka kule mashavu yananiuma. Nikija kwako ndipo napata kujua siku hiyo nilikuwa nawaza nini."

Mwenye duka la vitambaa, ambaye alikuwa hajaondoka wala hakuwa na sababu ya kubaki, akavuta pumzi ndefu akajipapasa kichwa chake kipya.

Nikamwambia maneno yake ni mazuri na nimeyasikia, ila mimi nina tamaa. Nataka na kile kicheko. Akasema basi nimchekeshe. Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, mjinga wa watu. Nikaweka taulo chini, nikasimama wima, nikaanza kile kichekesho nilichokifanyia mazoezi bafuni, cha kuku aliyekwenda kwa daktari. Nilieleza kuku alivyopanga foleni. Nilieleza daktari alivyomuuliza anaumwa wapi. Nilipofika hapo nikagundua kwamba mwisho wake nimeusahau. Watu walikuwa wananingoja. Ikabidi niseme, basi, kuku akapona.

Hakuna aliyecheka. "Afadhali," akasema mwalimu kutoka chini ya draya. Fundi Miwani alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyefarijika kwa niaba ya kuku, akainuka, akaniaga kwa adabu, akaondoka kwenda kubadilisha shati. Sikuwa nimempa jibu, na sasa hata mwenyewe sikulijua.

Alasiri walikuja. Sebule yetu si kubwa. Shangazi yake aliketi karibu nami, mjomba wake akaangukia upande wa Kengele, maskini, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshalegeza mkanda na kuomba leso ya kufutia machozi. Huku kwangu shangazi, mama mnene mwenye bangili zinazolia, aliniinamia akaanza kuniambia, kwa sauti ya chini, mambo ambayo nadhani hakuyapanga: kwamba anamlea huyu kijana tangu alipofiwa na mama yake, kwamba akiondoka nyumbani hajui atampikia nani. Bangili zilikuwa zimenyamaza. Sebule moja, sofa moja, na mkipima kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mngedhani ni nyumba mbili zilizotenganishwa na bahari ya vikombe.

Fundi Miwani alikaa katikati, hana pa kuegemea, akiyatazama magoti yake.

Baba akaweka kikombe chini. "Binti yangu," akasema, "wageni wanasubiri. Unasemaje?"

Nilitaka kujibu. Nilitafuta neno, na kama kawaida yangu nililitafuta polepole, nikilipima kila upande. Sebule ikanyamaza pamoja nami. Hata Kengele alinyamaza. Nikamwona Fundi Miwani akivua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena.

Shangazi akakosa subira. Akacheka kwa furaha, akanipiga paja. "Kimya ni kukubali," akawatangazia wote. "Tumeshajibiwa." Mjomba akaanza kupiga makofi, Mama akainuka kwenda kuleta vinywaji.

Hapo ndipo nilipochukia. Maisha yangu yote kimya changu kimetangulia mbele yangu, kimezima redio, kimempokonya baba yangu vichekesho, na sasa kinataka kuniozesha pia. Kwa kuolewa nilikuwa radhi. Lakini jibu lilikuwa langu, nilikuwa nimelipata, na hakuna wa kunisemea, hata kama ni kimya changu mwenyewe. Nikainuka. Nikafungua kinywa.

"Ndiyo!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilikusudia kusema kama watu wanavyosema. Ilitoka kama honi ya lori la shemeji. Kijiko kilimwanguka Mama, mjomba alikunja mikono kifuani kujikinga, na saa ya ukutani, ambayo ilikuwa imekufa tangu mwaka jana na Baba alishaikatia tamaa, ikagonga mara moja. Jirani wa juu aliuliza dirishani kama tuko salama.

Kisha kimya, kimya cha kweli, kila mtu akinitazama. Na ndani ya kimya hicho nikasikia kikohozi kidogo.

Kilianza hivyo, nikakijua. Kikapanda. Nikageuka haraka nisikikose. Fundi Miwani alikuwa amejikunja kwenye kiti, macho yamepotea kabisa, miwani imeteleza hadi kwenye mdomo, na machozi yanamtoka. Alikuwa na sura mbaya sana, kama mtoto aliyeumwa na nyuki, na sijawahi kuona kitu nikakipenda vile. "Kuku," alikuwa akijaribu kusema, "kuku akapona," kisha kikaporomoka chote, bila ukuta, bila mbao, chote juu yangu. Nami nikacheka. Shangazi akacheka, akisema alishaambiwa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hakuambiwa ajishike. Kengele peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka mkono kinywani, na sina shaka hiyo ndiyo dakika ndefu kuliko zote alizowahi kunyamaza.

Mama aliokota kijiko. "Sauti ya mama yangu hiyo," akamwambia Baba. "Nilidhani yote ameichukua mwenzake."

Baba alikuwa akinitazama mimi, ametega kichwa upande, kama anavyoitazama saa iliyoanza kutembea bila yeye kuigusa. Watu walipotulia kidogo akavuta kiti chake kuja kwangu, akakohoa.

"Mteja mmoja alikuja amekasirika," akaanza. "Anadai tangu niitengeneze saa yake anachelewa kazini kila siku."

Nilikuwa nimeshaisikia hadithi hiyo kupitia ukutani, neno kwa neno. Nikanyamaza, nikamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu safari hii alikuwa ananisimulia mimi.